Kura Niliyoipiga kwa Jina la Mama Ipyana

Kosa ni langu. Natangulia kusema hivyo ili msomaji mwenye haraka awe ameshapata lililo muhimu hata asipoendelea.

Katika shindano ambalo kila mtu aliruhusiwa kupiga kura moja, mimi nilipiga themanini na nane. Moja ilikuwa halali. Themanini na sita zinanisumbua kwa kiasi. Iliyobaki inanisumbua kila siku, hata nikiwa nakula.

Hiyo moja ndiyo iliyonileta kwenu.

Jina langu sitaliandika. Waliopaswa kulijua wanalijua tayari, na wengi wao hunisalimu huku wakitazama pembeni. Nitasema tu kwamba nina miaka arobaini na minne na ni mtunza bohari, ambaye watu humwita Karani, pale Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Shule niliachia darasa la nne. Mengine yote nimejisomea mwenyewe: hesabu, jiografia, utunzaji wa kumbukumbu, na Kiingereza kidogo cha kamusi. Nina tabia ya kutembea na daftari na kuandika ninachokisikia pamoja na jina la aliyekisema. Niliamini kwamba jambo likishaandikwa, limekuwa kweli.

Kumbe!

Miaka ile ya kampeni ya kisomo, kila aliyejua kusoma aliombwa amfundishe asiyejua. Nilijitolea. Saa kumi alasiri, bohari likishafungwa, watu wazima thelathini na mmoja walikaa barazani kwetu juu ya mbao na makreti, nami nikasimama mbele yao na chaki.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Ipyana. Daftarini aliitwa Tusekile Asajile, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo. Aliuza ndizi na maziwa mgando kando ya barabara. Siku ya kwanza nilimwuliza kila mmoja kwa nini anataka kusoma, nikaandika majibu. Wengi walisema wanataka kujenga taifa, kwa kuwa redio ilisema hivyo asubuhi. Yeye alisema:

"Mimi nina barua."

"Barua gani, mama?"

"Bado haijaja."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mwanawe wa pekee, Ipyana, alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba. Aliandika mara moja. Barua ile mama yake aliipeleka kwa jirani ili asomewe, na jirani akaisoma uani kwa sauti, watu wakipita. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua kwamba Ipyana aliugua akalazwa, kwamba ameoa huko bila kupeleka ng'ombe, na kwamba anamwomba mama yake asilie.

"Nikalia mbele ya watu," alisema. "Na mtoto ameniambia nisilie. Sasa ile ya pili itaingia macho yangu kwanza. Watu baadaye. Nikitaka."

Niliandika hayo yote. Yako ukurasa wa tatu. Siku ileile nilimwandikia Ipyana kwa niaba ya mama yake, nikampa anwani ya sanduku la posta la bohari letu. Mwaka ukapita, kimya. Mama Ipyana aliendelea kuja darasani, na kila Jumatatu aliuliza kama sanduku limefunguliwa.

Sasa shindano.

Gazeti moja la michezo la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja kwa kuwa halina kosa, lilitangaza kumtafuta mchezaji bora wa Nyanda za Juu Kusini. Unakata kuponi gazetini, ndogo kama kiberiti, unaandika jina la mchezaji, jina lako kamili na anwani, unatia saini, unatuma. Mtu mmoja, kura moja. Mshindi angepewa kikombe, na timu yake jezi mpya. Mwishowe walibaki wawili: Mgaya, winga wa Iringa, na Lutengano, golikipa wetu.

Lutengano alikuwa mpakiaji wa mizigo hapohapo boharini. Mtu mpole, mikono kama sinia. Timu yetu ilikuwa na jezi tisa kwa wachezaji kumi na mmoja, hivyo yeye alidaka akiwa amevaa sweta la kijani la mkewe. Nilikuwa shabiki wake kwa moyo wote, na ningependa hilo liwekwe kwenye mizani, ingawa najua ni jepesi.

Mwenyekiti wetu wa mashabiki alikuwa Shabani, fundi cherehani, ambaye babu yake alitoka pwani na mdomo ukaja naye. Jioni tulikuwa tukikaa barazani kwake. Ndipo siku moja lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni likasimama mbele yetu, akashuka dereva Kihwele, mtu wa Iringa, ambaye hakuwahi kupita bila kutuchokoza.

"Kamwene, watu wa ndizi!"

"Kamwene, watu wa pombe ya ulanzi," Shabani akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mgaya wenu hajambo? Bado anakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji?"

"Hajambo. Amekwenda kwa seremala kuagiza kabati la kikombe."

"Mwambie aagize na kitanda. Ataugua."

"Mtaugua nyinyi. Mnatuma kuponi mojamoja kama mgonjwa anayemeza vidonge! Kwetu Iringa zinashindiliwa kwenye magunia kama vitunguu. Bwana posta ameazima ghala."

Watu wakacheka. Mimi nikatoa daftari.

"Magunia mangapi?" nikauliza.

Kihwele akanitazama, akalitazama daftari, akakunja uso kama mtu anayejitahidi kukumbuka.

"Mpaka juzi, saba."

"Ya katani?"

"Ya katani. La nane lilikuwa linashonwa nilipoondoka."

Nikaandika: Saba. Katani. La nane linashonwa. Kihwele, dereva.

Ndugu msomaji, Mbeya na Iringa tumetaniana tangu sijazaliwa. Kila mtoto wa huku anajua kwamba neno la mtani huachwa palepale liliposemwa. Mimi nililibeba hadi nyumbani nikalipigia hesabu. Nilikata karatasi za ukubwa wa kuponi, nikajaza debe, nikahesabu, nikazidisha hadi gunia. Jibu lilikuwa maelfu kwa maelfu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kama Iringa nzima ilinunua magazeti mengi kiasi hicho. Mimi nilishtuka, ila kwa upande usiofaa.

Kesho yake nikamwambia Shabani kwamba tunaibiwa, na kwamba dawa yake ni kusawazisha.

"Kuiba, yaani," alisema.

"Kusawazisha."

Shabani hakuwa mtu wa kubembelezwa. Akaenda kwa wauza karanga na kwa mwenye bucha, akarudi na magazeti makuukuu yaliyokuwa yamefungiwa bidhaa. Tukakata kuponi. Zilizokunjamana alizinyoosha kwa pasi ya mkaa, kwa makini kama kola za bwana harusi. Moja ilikuwa na damu ya ng'ombe. Nikaitenga kwa kuwa haikuwa na hadhi ya kupiga kura.

Tatizo likawa majina.

"Buni tu," Shabani akasema.

Nikakataa. Nilimweleza kwamba kuandika jina la mtu asiyekuwepo ni uongo.

"Basi tumia marehemu. Hao walikuwepo."

"Marehemu hawezi kutia saini."

Akaacha kushona.

"Wewe Karani, siku ukiiba utamwachia mwenye mali stakabadhi."

Niliona ananisifu. Nikachukua majina ya watu hai. Wapakiaji waliokwishaacha kazi, kumi na tisa. Ndugu zangu wa kijijini, thelathini na saba. Na wanafunzi wangu wote wa kisomo, thelathini na mmoja, kutoka daftari la mahudhurio. Sikuwauliza. Nilijiambia kwamba kama wangejua kuandika vizuri, bila shaka wangempigia Lutengano, kwa hiyo mimi nilikuwa nawapunguzia safari tu. Jamani! Mtu akitaka kujidanganya, elimu humsaidia sana.

Nilitumia kalamu tatu, miandiko saba, na anwani moja, ile ya sanduku la bohari. Nilipofika namba kumi na saba ya daftari la mahudhurio, Tusekile Asajile, nilitua kidogo. Nikaamua kumpa mwandiko wa duara unaolala kushoto, kwa kuwa ndivyo alivyoandika ubaoni. Yaani niliiga mkono niliokuwa nimeufundisha mwenyewe. Kisha nikamtilia saini.

Wiki ileile Mama Ipyana ndiyo kwanza aliweza kuandika jina lake lote bila kuinua kichwa kutazama ubao. Nilimpigia makofi mbele ya darasa. Kuponi yake ilikuwa imeshatumwa.

Wiki tatu baadaye tarishi wetu, Mzee Asukile, alileta mfuko wa posta. Ndani mlikuwa na barua ishirini zinazofanana, anwani zimepigwa chapa kwa mashine, kila moja ina jina la mtu niliyepiga kura kwa jina lake. Nilifungua ya shangazi yangu. Mhariri wa michezo alisema kwamba wamepokea kura yake, wanamshukuru, na kwa kuwa baadhi ya kuponi za sanduku letu zimefanana mwandiko, anaombwa ajibu kwa mkono wake mwenyewe kama kura ile ni yake kweli.

Nilikuwa nimejivunia miandiko saba. Mhariri aliona mmoja.

Barua kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa za wanafunzi wangu. Nikazitia zote kwenye mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo. Nilikusudia kuzijibu mwenyewe, polepole, kwa miandiko iliyoboreshwa.

Sikujua kwamba Mzee Asukile, baada ya kuniachia mfuko, alipita kwa Mama Ipyana kununua ndizi, akamwambia: "Mama, leo una barua. Iko kwa Mwalimu wako."

Hakuja mbio. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Alikwenda kwanza nyumbani, akaoga, akavaa kitenge cha kanisani, akajipaka mafuta. Akaja amejitwika kichane cha ndizi mbivu. Nyuma yake walikuwepo wanawake wawili majirani, lakini wao walibaki langoni.

"Ugonile, Mwalimu."

"Ugonile, mama. Karibu."

"Wale nimewaambia wangoje kulekule. Sitaki wasikie." Akatua ndizi mezani kwa mikono miwili. "Tarishi amesema nina barua."

Ufunguo wa mtoto wa meza ulikuwa mfukoni mwangu. Niliuhisi kama kaa la moto.

"Tarishi amekosea, mama."

"Amesema ameona jina langu. Limeandikwa na mashine."

"Atakuwa ameona jina jingine linalofanana."

Akafikiri. Kisha uso ukamchangamka kidogo.

"Mashine. Labda Ipyana sasa yuko ofisini. Ametoka chini ya ardhi." Akajifunga vizuri kitenge. "Itakuja kesho basi. Ndizi ni zako hata kama haijaja."

Nilizipokea. Ninaandika hapa mbele ya watu wote: nilizipokea!

Alikuja kesho yake, amevaa vilevile. Akaja kesho kutwa. Kila mara nilimwambia bado, na kila mara alinishukuru kwa kuangalia. Ndizi zikaendelea kuiva juu ya meza yangu, na harufu yake ikajaa ofisini. Sikuthubutu kuzila wala kuzitupa.

Siku ya nne darasa likiwa limeshakaa, Mzee Asukile aliingia barazani amevaa kofia yake ya kazi. Habari ilikuwa imemfikia kwamba nimesema hajui kusoma majina.

"Karani," alisema, "mimi natembeza barua tangu enzi ya Mwingereza. Nimeng'atwa na mbwa wa kila kabila. Nimekosea njia, ndiyo. Jina, sijawahi. Fungua mtoto wa meza."

"Mzee, tutazungumza baadaye."

"Fungua."

Watu thelathini na mmoja walikuwa wananitazama. Nikafungua.

Mama Ipyana alisimama, akapokea barua yake, akaigeuza pande zote mbili. Akaenda nayo nyuma ya makreti, peke yake, kama alivyokuwa amepanga mwaka mzima.

Lakini msomaji mpya hawezi kusoma kimya. Kila mwalimu wa kisomo analijua hilo. Tulimsikia sote.

"Ndu-gu. Tu-se-ki-le. A-sa-ji-le."

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha furaha. Mtu mmoja barazani akajibu "Mwee!" kwa kumfurahia.

"Tu-me-po-ke-a. Ku-ra. Ya-ko."

Akaendelea. Barua ilikuwa na mistari minane. Aliimaliza, akaanza upya kutoka juu. Akaimaliza tena, akaanza mara ya tatu, sasa kwa haraka, anaruka maneno, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akatoka nyuma ya makreti akiwa ameishika mbele yake.

"Mwalimu, Ipyana yuko mstari gani?"

"Hayumo, mama."

"Hayumo." Akaitazama tena. "Na Lutengano ni nani?"

Lutengano alikuwa hapo nje anamalizia kupakia saruji. Akasikia jina lake, akaja anajikung'uta vumbi.

"Ni mimi, mama. Nadaka mpira."

"Nimekufanya nini?"

"Wanasema umenipigia kura. Ndaga fijo, mama," alisema Lutengano, akainama kumshukuru kama ada inavyotaka kwa mtu mkubwa.

Mama Ipyana akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti.

"Hapa wanasema niliandika kwa mkono wangu. Mkono wangu ulikuwa wapi, Mwalimu?"

Wanafunzi wengine wakaanza kuuliza kama na wao wana barua. Nikawagawia zile kumi na moja zilizobaki. Baraza zima likavuma kwa sauti za watu wazima wanaosoma silabi kwa silabi, wakisaidiana, wakirudia, hadi kila mmoja akaelewa nilichofanya. Sijawahi kufundisha somo lililofaulu kama lile.

Kesho yake Mama Ipyana alikuja peke yake, amevaa nguo za kazi. Alinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

"Wamesema tujibu. Nimejibu. Sahihisha."

Naikumbuka neno kwa neno:

*Kwa Mhariri. Mimi ni Tusekile Asajile. Sikupiga kura. Mpira siujui. Aliandika mwalimu wangu. Kusoma amenifundisha yeye. Kama barua ya mwanangu Ipyana imepotea ikaja kwenu naomba muilete. Ni yangu.*

Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu. Nikasoma mara mbili. Katika mwaka mmoja na nusu wa kufundisha sikuwahi kupewa karatasi ambayo sikuigusa kwa wino.

"Hakuna kosa, mama."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Hakuna."

"Basi nipe bahasha."

Nikampa bahasha na stempu. Nilitaka kumwandikia anwani. Akaivuta bahasha upande wake, akainakili anwani herufi kwa herufi, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Nilimwambia Mzee Asukile angeipeleka na posta ya jioni. Akasema hapana. Alikwenda nayo mwenyewe hadi posta ya mjini, kwa miguu.

Ilikuwa barua ya kwanza aliyoandika maishani mwake. Ilikuwa ushahidi dhidi yangu, na ilikuwa safi.

Wiki mbili baadaye gazeti likatoa matokeo. Mgaya wa Iringa alishinda kwa kura kumi na tisa. Chini yake paliandikwa kwamba kura zote zilizotoka sanduku letu la posta zimefutwa.

Zote. Maana yake hata kura za wapakiaji, makarani na majirani wa bohari, waliokata kuponi zao wenyewe na kutia saini zao wenyewe. Niliwafuata mmoja mmoja nikawauliza. Kura halali za Lutengano zilizokuwa kwenye sanduku lile zilikuwa arobaini na moja, yangu ikiwemo. Kumi na tisa kutoka arobaini na moja. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara tunashinda.

Nikamwendea Lutengano kumwomba radhi. Alikuwa anakula mihogo chini ya lori.

"Karani, ungeniuliza tu," alisema. "Hata mimi nilipiga kura. Moja."

"Nayo imefutwa kwa sababu yangu. Nisamehe."

"Haidhuru. Nilimpigia Mgaya."

Sikuelewa. Nikamwuliza kwa nini.

"Alinifunga mabao mawili. Yule bwana anajua mpira," akasema, akanipa kipande cha muhogo.

Nilirudi kwenye hesabu nikaongeza kura hiyo upande wa Mgaya. Bado tungeshinda, kwa kura ishirini na moja. Msimu uliofuata Lutengano aliendelea kudaka na sweta la mkewe.

Nilikuwa nimebakiwa na kisingizio kimoja tu, yale magunia. Mwezi ule kazi ilinipeleka Iringa kuchukua vipuri. Nikamkuta Kihwele kwenye hoteli ya chai chini ya mji, ana maandazi mawili mkononi. Nikafungua daftari mbele yake, nikamwonyesha: saba, katani, la nane linashonwa.

"Nataka kujua, la nane lilijaa?" nikamwuliza.

Alisoma. Akaweka maandazi chini.

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Ukaenda nayo nyumbani?"

"Nikaenda nayo."

"Mtani wangu," alisema taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba, "yale yalikuwa magunia ya vitunguu. Ulikuwa unayaona. Yalikuwa nyuma yangu, kwenye lori." Kisha akawaita wenzake wa meza ya pili: "Njooni mwone! Huyu bwana amenitilia utani kwenye daftari!"

Walicheka hadi mwenye hoteli akaja kuuliza kuna nini. Sikuwalaumu. Nililipa chai yangu nikaenda kupanda basi.

Darasa halikuvunjika kwa siku moja. Lilipungua. Wiki hii wawili, wiki ile watatu, kila mmoja na sababu ya heshima: mgonjwa nyumbani, shamba, mvua. Mama Ipyana hakutoa sababu. Siku ya mwisho alinirudishia kitabu cha kisomo, akiwa amekifunga kwa jani la mgomba kisiloane. Akahamia darasa la kanisani, ng'ambo ya barabara, akaomba posta izipeleke barua zake kwenye sanduku la huko. Kila Jumatatu nilimwona anavuka barabara kwenda kuuliza, na kila Jumatatu alirudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa bohari, najifanya nahesabu makreti.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa saba, nilikutana naye kwenye njia ya miguu. Hatukuwa na pa kupishana bila kusalimiana.

"Ugonile, Mwalimu."

"Ugonile, mama."

Bado aliniita mwalimu. Alikuwa na kikapu cha ndizi kichwani na mkono mmoja ndani ya kanga, kifuani.

"Nimepata barua," alisema.

Nikangoja. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini mdomoni alikuwa na tabasamu, na mimi ambaye nimejisomea mambo mengi sikuweza kusoma lolote hapo. Nilitaka kujua kama Ipyana ni mzima, kama anarudi, kama alipata ile niliyomwandikia. Nilikuwa na maswali yasiyopungua kumi. Mkono wangu ulikuwa umeshagusa mfuko wenye daftari.

Akanipita, akaendelea na njia yake.

Sijui barua ile ilisema nini mpaka leo. Siku za Jumatatu namwona amekaa kando ya barabara anauza ndizi kama kawaida, na majirani wanasema hawajaambiwa kitu. Imeingia macho yake kwanza, watu baadaye, akitaka. Mimi ni miongoni mwa ambao hakutaka.

Basi nakuonya wewe uliyenunua gazeti wiki hii na una mkasi karibu. Timu yako utaipenda, na mtani atakuja kukuambia kwamba wenzako wanatuma kwa magunia. Mcheke, umpe chai, aende zake. Kuponi ni moja na jina ni moja. Andika lako, kisha funika kalamu.

Na kama ni mwalimu, usishike jina la mwanafunzi wako ila kwa kumwita. Yeye ndiye atakayeliandika. Atakapoliandika bila kosa utajua, na huenda ukatamani angekosea.